Salamu za Heshima kwa Shule

Nilipoikuta meza ya mwanangu imegeuziwa ukuta, niliibeba. Sikusalimia, sikubisha hodi mara ya pili. Niliishika, nikaipandisha kifuani, nikatoka nayo darasani hadi kwenye korido, na Saumu akanifuata nyuma na kiti chake kidogo, maana alidhani tunahama. Watoto wengine wote walikuwa wamekaa duara, wanne wanne, wanaimba herufi. Wangu alikuwa peke yake kona ya nyuma, uso kwenye rangi ya ukuta, amepewa picha ya bata ya kupaka rangi, kitabu cha mtoto anayejifunza kutembea. Alikuwa na miaka sita. Mwalimu wake alitoka mbio na chaki mkononi. "Mama, hiyo ni mali ya shule." Nikamwambia, "Na huyu uliyemtazamisha ukuta ni mali ya nani?" Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini siku ile kilitoka kimenyooka. Akamwita mlinzi. Mlinzi wa shule alikuwa Papa Jeannot, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima, na tulizoea kusalimiana kila asubuhi langoni. Akaja polepole, kofia amevua, akaniambia chini chini kwa Kiswahili cha kwao: "Mama Saumu, pardon. Weka ile meza chini. Banaweza nifukuza kazi juu yako." Nikamwambia, "Papa, wamemweka mtoto ukutani kama mwizi." Akasema, "Niliona. Kila siku naona. Lakini weka meza." Kwa ajili yake nikaiweka. Si kwa ajili ya mwalimu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimsomea arobaini Balozi, mzee niliyekuwa nikimfanyia kazi, katika ile nyumba yake ya Turffontein, hapa Johannesburg, sebule imejaa watu wa Dar, Tanga na Unguja waliokaa chini kwenye mazulia, na nje vijana wanatafuta pa kuegesha magari. Saumu ana miaka kumi na sita sasa, ananizidi urefu. Alikuwa anamimina chai huku anabishana kwa Kizulu na wenziwe jikoni, na nilipomsikia anapandisha sauti nikataka kumkemea, halafu nikaacha. Nikakaa mlangoni nimeshika trei ya vitumbua, na mwaka ule wote ukanirudia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Habari za nilivyotoka Tanga na za baba yake Saumu siziandiki. Hazina ladha, na kila mtu ana zake.

Tuliishi Hillbrow, ghorofa ya tisa, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mapazia. Mimi na Saumu tulikuwa upande wa dirisha, upande wa mlango walikaa mume na mke Warundi. Pazia halizuii kitu. Nilijua wanakula nini, nilijua wanagombana lini, nao walijua vyangu vyote. Usiku wa siku ile ya meza nilikuwa nimepika ugali na mboga, Saumu amelala bila kula, na ile karatasi ya shule iko juu ya godoro. Shule ilitaka niisaini kabla ya likizo ya Julai. Walikuwa wameamua mtoto wangu hana lugha. Neno lao hilo: hana lugha. Alikuja mama mmoja mgeni na kadi na vitu vya kuchezea, akamkalisha Saumu mbele yake, akamuuliza maswali, na Saumu hakujibu hata moja, akatazama sakafu mpaka kengele ikalia. Basi muhula ujao ahamishiwe shule nyingine, ng'ambo ya mji, ya watoto ambao akili zao zimechelewa. Na mwalimu mkuu akaniongezea ushauri wa bure: nyumbani acha kumsemesha hicho Kiswahili, kinamchanganya. Nyuma ya pazia nikamsikia Mrundi mwanamke anasema, "Mama Saumu, saini tu, kule banatoa chakula na basi ya kumchukua." Mumewe akamkata, "Asisaini. Akisaini hawafuti tena. Itamfuata mpaka aolewe." Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, Kifaransa kikiingia kila hasira zinapopanda, na mimi nimekaa na ile karatasi, nasikiliza maisha ya mwanangu yanavyopangwa upande wa pili wa kitambaa.

Asubuhi nilimuuliza Saumu taratibu. Yule mama alikuuliza nini? Akasema, "Alishika tofaa. Akaniuliza hiki ni nini." Na wewe hujui tofaa? Akaniangalia kama mimi ndiye niliyechelewa akili. "Najua. Na yeye anajua. Analo mkononi." Sasa kwa nini hukumjibu? Akainamisha kichwa, akasema, "Nilidhani nimefanya kosa." Nilikaa chini. Maana ni kweli. Kwetu mtu mzima akishika kitu mbele ya uso wako akakuuliza hiki ni nini, ujue umeshaharibu. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyomuuliza, nikiwa nimeshika kikombe kilichovunjika au nguo mpya yenye tope. Hiki ni nini? Hapo hujibu. Hapo unatazama chini, unanyamaza, unasubiri hasira ya mkubwa ipite. Mwanangu alipita mtihani wa adabu kadi baada ya kadi, tofaa, mbwa, kikombe, kiatu, akijiuliza amevunja nini, na kila alivyozidi kuwa na adabu wao wakazidi kuandika kwamba ni mjinga.

Sikumrudisha shule. Nilimchukua kwenye teksi mpaka Turffontein, kazini kwangu. Kazi yangu ilikuwa kwa Balozi. Jina lake lilikuwepo, lakini hakuna aliyelitumia. Mpaka mwenye spaza, kiduka cha mtaani, Msomali, alimwita Balozi. Alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza kabisa waliotumwa nje nchi ilipopata bendera yake, wakati ofisi nzima ya ubalozi ilikuwa watu watatu na mashine ya chapa moja. Na alikuwa mshairi, tangu kabla ya ubalozi, wa wale waliokuwa wakitumiana mashairi magazetini na kujibizana mpaka mhariri aseme basi. Uzeeni macho yalikufa kwa presha. Binti yake, Dada Salma, alifanya kazi benki kule Sandton, akamleta Johannesburg, akamnunulia ile nyumba karibu na uwanja wa farasi kwa sababu ilikuwa na ngazi mbili tu. Mimi nilimpikia, nikamfulia, na saa nne kila siku, baada ya chai ya tangawizi na magwinya, hayo maandazi ya huku ambayo alisema yamekosa iliki na kisha akala matatu, nilimsomea barua zake.

Barua zilikaa kwenye sanduku la safari la zamani, lenye vibandiko vya ndege ambazo kampuni zake zimekwisha kufa. Zake na za mkewe, Bi Zainabu, aliyebaki Unguja na watoto alipokuwa akizunguka miji ya baridi. Walikuwa na desturi yao. Jambo la kawaida, ada ya shule au bati linalovuja, waliandikiana kama watu wengine. Jambo likimchoma moyo, Balozi alimwandikia kwa shairi, na Bi Zainabu alikuwa hana budi kujibu kwa vina vilevile, mizani ileile. Akibadilisha kina ameshindwa. Hakuwahi kushindwa. Nilipoanza nilizisoma kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika, na Balozi aligonga bakora sakafuni. "Bi Mwanaisha! Wewe ni Mtanga wa wapi? Watu wa Tanga wanamsalimia hata paka kwa sauti ya kubembeleza, wewe unanisomea mke wangu kama askari wa trafiki." Nikamwambia, "Balozi, hiyo Tanga ya kubembeleza mimi hawakunigawia." Alicheka mpaka akakohoa. Siku za mbio tulisoma huku vipaza sauti vya uwanjani vinaingia dirishani, na katikati ya ubeti alininyamazisha kwa kidole. "Subiri. Yule wa tatu anapanda." Hakuwahi kucheza kamari maishani mwake, alisema ni haramu, lakini kila mbio alichagua farasi kwa uzuri wa jina, na akishindwa alinuna mpaka chakula cha mchana.

Siku ile alisikia miguu ya pili mlangoni. "Umekuja na nani?" Nikasema, "Shikamoo Balozi. Na Saumu. Leo sikumpeleka shule." Nikamweleza yote nimesimama, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyopandisha sauti, mpaka nikafika kwenye meza. Akanikatiza.

"Umebeba meza?"

"Nimebeba."

"Ya mbao au ya chuma?"

"Ya mbao, Balozi."

"Afadhali. Na sasa unataka nini?"

"Nataka kurudi kesho nimtukane yule mwalimu mkuu mbele ya wazazi wote. Kisha nimchukue mwanangu."

"Umchukue umpeleke wapi?"

Shule nyingine za karibu zilikuwa zimejaa, na bila barua nzuri kutoka pale hakuna ambayo ingempokea. Hilo ndilo lililonitia wazimu: kwamba nimemkasirikia mtu ambaye bado namhitaji. Balozi aliniambia niketi. Akaniambia nifungue sanduku, nitafute bahasha yenye stempu ya kijani yenye mfalme. Niliipata. Ilikuwa ya mwaka wake wa kwanza ugenini, kijana wa miaka ishirini na kitu, amealikwa kwenye tafrija ya serikali ya wenyeji. Nikasoma, safari hii taratibu:

Nilivaa suti yangu, nyeusi imenyooka,
Mlangoni kwa Wazungu, sinia wakanitwika,
Nikauma meno yangu, mate yote yakauka,
Nakwambia mke wangu, ilibaki kulipuka.

"Walidhani ni mtumishi," Balozi alisema. "Wakanipa sinia la glasi nizungushe. Mimi, mwakilishi wa taifa. Sasa soma lake." Jibu la Bi Zainabu lilikuwa limebanwa kwa pini nyuma ya hilo, mwandiko wa duara kama wa mwalimu wa chuo cha Kurani:

Waraka wako mwenzangu, jana hapa umefika,
Nimesoma kwa uchungu, kisha tena nikacheka,
Humu humu ndani mwangu, sinia hujalishika,
Basi rudi bwana wangu, la pilau linafuka.

Nilicheka, sikutaka, lakini nilicheka. Balozi aliyakodoa macho yake yasiyoona upande wa dirisha, midomo inarudia ule mstari wa mwisho bila sauti. "Unajua nililifanyia nini lile sinia?" akaniuliza. "Nililizungusha. Niliwapa vinywaji wote mpaka mwisho, nikaliweka chini, nikaenda nyumbani, nikamwandikia Zainabu matusi yangu yote. Nilipomaliza kuandika shairi sikuwa na hasira tena, nilikuwa na kazi. Asubuhi ndipo nikaandika noti."

Noti, alinifundisha, ni barua ambayo ubalozi unaiandikia serikali ya wenyeji. Haisemi mimi wala wewe. Inasema Ubalozi, inasema Wizara, kama watu wawili waliosimama mbali na kukunjiana mikono. Inaanza kwa salamu za heshima hata kama jana mlipigana. Inaeleza jambo lililotendeka bila kulipaka rangi. Inaomba kitu kimoja, si viwili, na kiwe kitu ambacho yule mwingine anaweza kukitoa bila kuvuliwa nguo. "Mwachie mlango," alisema, "atokee akiwa bado amevaa koti lake." Nikamuuliza, "Na wao walikujibu nini?" Akasema walileta maua. Kisha, kuanzia mwezi ule, kila tafrija jina lake lilikuwa mlangoni, na kijana aliyesimama pale alikuwa amefundishwa kulitamka. "Maua nilimpa mwenye nyumba. Lile jina ndilo nililolitaka."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya wiki zile. Kwanza shairi, ndipo noti. Nilimwambia mimi si mshairi. Akasema hakuniomba niwe mshairi, ameniomba nimtukane mwalimu kwa utaratibu. Tulikaa jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na hita, baridi ya Juni ya mji huu inaingia kwenye mifupa, sufuria ya maharage jikoni, Saumu chini ya meza na vijiko vyake. Nilisema matusi yangu kwa sauti, naye alihesabu silabi kwenye vidole. "Imepungua moja. Tusi lisilotimia mizani si tusi, ni kelele. Tena." Asubuhi nzima nikatoa mistari miwili tu, na wa pili haukukamilika. "Mwalimu una miwani, kuona kumekushinda," nikasema, na Balozi akapiga paja, "Ala! Huo ndio. Endelea." Nikasema, "Mwanangu yu ukutani, ni kama... ni kama..." Balozi akainua vidole vitano hewani. "Mizani mitano imebaki, na kina ni nda. Ni kama nini?" Nikafikiri punda, nikafikiri tunda, hakuna kilichokaa. Maharage yanachemka. Chini ya meza sauti ndogo ikasema, "Hiyo kalenda."

Balozi akashusha vidole kimoja kimoja. Hi, yo, ka, le, nda. Vilikwisha vyote. Ukutani juu ya friji ilining'inia kalenda ya bucha, picha ya ng'ombe, na Saumu alikuwa amenyoosha kijiko kuielekea. "Nani amesema?" Balozi akauliza, ingawa alijua. Nikaona Saumu anaanza kutazama sakafu, nikataka kumsukuma, mjibu babu, mjibu. Balozi akaondoa mkono wake mezani, akauweka gotini, akasema kwa upole kama anamwuliza mtu mzima mwenzake, "Mimi sioni, mjukuu wangu. Hebu niambie, huyo ng'ombe wa kwenye kalenda ana rangi gani?" Na Saumu akatoka chini ya meza, akamweleza. Ana mabaka, mengine meusi, mengine ya kahawia, moja liko jichoni, anaonekana amekasirika, labda kwa sababu amechorwa kwenye bucha. Alimweleza ng'ombe yule mpaka maharage yakaanza kuungua. Alimweleza kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aanze shule ameulizwa na mtu asiyejua jibu. Nilizima jiko nikawapa mgongo. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Jumapili alikuja Dada Salma na gari lake, na samaki wa barafu na dawa za baba yake. Walikaa sebuleni, mimi nakaanga samaki, na mlango wa jikoni ule haukuwahi kufunga vizuri. "Baba, mambo ya shule ya mtoto wa watu yanakuhusu nini? Wewe si balozi tena." "Najua. Ndiyo maana sasa naweza kusema." "Nipe mimi. Kesho nampigia simu huyo mwalimu mkuu. Dakika kumi yamekwisha." Kisha Balozi akasema, "Muulize mwenyewe, yuko nyuma ya mlango anasikiliza." Nikatoka na mwiko mkononi. Dada Salma ni mtu mzuri, na sauti yake ya simu ingemtoa mtu jasho. Lakini nilimwambia, "Dada, nashukuru. Ukipiga wewe watakujibu wewe. Watamrudisha kwa kuogopa gari lako. Siku ukihama wanamrudisha ukutani. Nataka wanijibu mimi." Akanitazama sana. "Sasa utaandika Kiingereza cha nani?" Hapo ndipo Balozi alipocheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Kiingereza? Ubalozi wowote wenye heshima huandika kwa lugha ya kwake. Tafsiri huambatishwa nyuma, na juu yake huandikwa tafsiri isiyo rasmi. Tafsiri hiyo ndiyo kazi yako, Salma." Dada Salma akaanza kusema, "Baba, hii ni shule ya msingi, si Wizara..." kisha akaangalia uso wangu, akatoa kompyuta kwenye mkoba, akasema, "Eish. Haya, anzeni."

Tuliiandika siku nne. Mimi nilisema, mimi niliandika, Balozi alifuta. Kila neno la hasira alilinusa. "Umeandika mwalimu katili. Nani amesema ni katili?" "Mimi." "Basi neno hilo libaki kwako. Wao wape meza na ukuta, vinatosha." Nilipigania kila neno. Niliandika kwamba mwalimu yule ni mvivu, akanikumbusha nilichomwambia mwenyewe, kwamba ana watoto arobaini na kitu kwenye chumba kimoja, na kwamba hata yeye labda hana wa kumwandikia noti. Sikulipenda hilo. Nilikaa nalo njia nzima kwenye teksi mpaka Hillbrow, dereva anapita robot nyekundu, taa za barabarani za huku, na muziki juu, nikaona mkono wa yule mwalimu na chaki yake iliyobaki kipande kama kucha. Kesho yake nikafuta neno mvivu mwenyewe. Kitu kimoja Balozi alinikataza kufuta. Nilitaka kuondoa sentensi ya mwisho kwa kuona imekaa kama ya gomvi la uani. Akasema hapana, hiyo ni ya kwako, noti isiyo na kitu cha mwenyewe haiaminiki.

Niliipeleka Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo. Nilivaa gauni la Idi na viatu vya kufunga, na Saumu nilimvalisha sare yake, nimeipiga pasi kwenye godoro. Papa Jeannot alifungua lango, akatazama mikono yangu. "Leo hakuna meza?" "Leo karatasi tu, Papa." "Karatasi ni nguvu kuliko meza," akasema, akavua kofia tena, safari hii kwa ajili yangu. Mwalimu mkuu alinipokea amesimama, anajiandaa kwa kelele. Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akafungua, akatazama ukurasa wa kwanza, akaugeuza juu chini, akauliza hii ni lugha gani. Nikamwambia, "Ya mtoto." Kisha nikamwonyesha karatasi ya nyuma. "Hiyo ni tafsiri. Si rasmi." Akaketi. Akasoma yote, kisha akairudia, kalamu haijagusa kitu, na nje watoto wanapiga kelele za kutoka. Saumu alikuwa amesimama pembeni yangu, hakutazama sakafu, alikuwa anahesabu kitu kwenye vidole. Nilimwachia mwalimu mkuu nakala nyingine ya bodi ya shule, akaigonga muhuri mbele yangu. Hivi ndivyo noti ilivyosema, kwa Kiswahili chake chenyewe:

Mama Saumu anatoa salamu zake za heshima kwa Shule, na ana heshima ya kuijulisha yafuatayo.

Binti yake, Saumu, mwenye miaka sita, mwanafunzi wa darasa la mwanzo, alikutwa na mama yake amekaa peke yake, meza yake imeelekezwa ukutani. Mama Saumu aliiondoa meza hiyo bila ruhusa. Meza haikuharibika na imerudishwa.

Mtoto alipimwa kwa kuulizwa majina ya vitu ambavyo aliyeuliza alikuwa amevishika mkononi. Katika nyumba anayotoka mtoto, swali la namna hiyo huulizwa na mkubwa aliyekasirika, na mtoto mwenye adabu hunyamaza na kutazama chini. Mtoto alinyamaza na kutazama chini. Kunyamaza huko kumeandikwa kwamba mtoto hana lugha.

Mama Saumu anatambua kwamba Shule haijui Kiswahili, na kwamba hailazimiki kukijua. Anatambua pia kwamba watoto ni wengi na walimu ni wachache.

Mama Saumu hatasaini karatasi ya uhamisho. Anaiomba Shule jambo moja: mtoto apimwe upya, mbele ya mtu anayesema lugha yake, na aulizwe mambo ambayo muulizaji hayajui. Mama Saumu yuko tayari kumleta mtu huyo. Kama Shule itapenda kuanza na mlinzi wake wa langoni, naye anakisema.

Mama Saumu ataendelea kuzungumza na binti yake kwa Kiswahili. Kiingereza atakipata shuleni, ndiyo sababu aliletwa.

Mama Saumu anatumia nafasi hii kuihakikishia tena Shule heshima yake kubwa. Siku ya kwanza ya muhula ujao, na kila siku itakayofuata, atakuwa ndani ya lango kengele ikilia, amemshika mtoto mkono, na hataondoka mpaka aione meza inatazama mbele.